Sugu, Fedha na Ganda la Komamanga



Kabla sijaingia kwenye mada, naomba ufungue kiganja chako ukitazame. Kama wewe ni mkulima, chini ya vidole utakuta pale mpini wa jembe ulipokaa miaka yote. Ngozi imekuwa nene na ngumu, hata mwiba ukichoma pale hushtuki upesi. Hiyo ndiyo sugu. Mvuvi anaipata kwa kamba na kasia, na anayesujudu sana huwa nayo kwenye paji la uso. Neno lenyewe ni ndugu wa kusugua. Panaposuguliwa mara kwa mara ndipo inapoota, na hakuna aliyeipata kwa siku moja.

Wataalamu wetu wa afya walipotafuta neno la kueleza bakteria wasiosikia dawa, walikwenda kwenye kiganja hicho hicho. Wakasema usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na hapa Tanzania wameufupisha kuwa UVIDA. Kwangu mimi neno hili limebeba somo zima la leo. Nitazungumza juu ya silaha mpya inayoandaliwa dhidi ya bakteria hao, inayoitwa chembe nano. Inanipa matumaini, na sitayaficha. Lakini nitakurudisha kwenye sugu tena na tena, kwa kuwa silaha mpya ikishikwa kwa mazoea ya zamani, sugu itaota pale pale.

Tuanzie famasi. Majuzi nilikuwa nimesimama nyuma ya kijana mmoja wa bodaboda, kofia ngumu imening'inia mkononi. Akamwambia dada aliyekuwa dirishani, "Dada, nipatie rangi mbili za buku." Dada akamuuliza, anaumwa nini? "UTI. Inapona, inarudi." Dada akachukua mkasi, akakata vidonge sita vya kiuavijasumu hicho kutoka kwenye karatasi yake, akavitia kwenye bahasha ya kaki na kuandika moja mara tatu. Hiyo ni dawa ya siku mbili. Kijana akameza viwili palepale bila maji, akawasha pikipiki, akaondoka.

Simlaumu kijana yule. Kipimo kingemla nusu siku ya kazi, na mfukoni alikuwa na ile buku, shilingi elfu moja tu. Lakini UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo, na fikiria kilichotokea ndani yake. Katika mamilioni ya bakteria waliokuwa kwenye kibofu, walio dhaifu walikufa siku ya kwanza, akapata nafuu. Walio wagumu walijeruhiwa tu. Dawa ilipokwisha wakabaki wenyewe uwanjani, wakazaana, na kila mtoto akazaliwa na ugumu wa mzazi. Inapona, inarudi. Kila inaporudi, imesuguliwa mara moja zaidi.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mjini London mwaka 1928, aliliona jambo hili mapema. Desemba 1945, katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, alitoa mfano wa bwana mmoja wa kubuni anayejinunulia penisilini, anatibu koo lake kwa dozi ndogo, anawafundisha vimelea ukaidi, kisha anamwambukiza mkewe nimonia. Mke anapewa penisilini, haisaidii, anafariki. Kijana wetu wa bodaboda naye ana watu wanaomsubiri nyumbani.

Ukitaka kuuona usugu kwa macho yako, ingia kwenye maabara inayootesha vimelea. Utaonyeshwa sahani ndogo ya plastiki ya mviringo. Ndani yake mna agari, kitu kitokanacho na mwani, kimeganda kama jeli. Mtaalamu hupaka juu yake bakteria wa mgonjwa kwa kijiti cha pamba, kisha hupanga vikaratasi vidogo vya duara, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Sahani inalala usiku kucha kwenye joto linalokaribia la mwili. Asubuhi bakteria wameota kama ukungu mweupe sahani nzima. Dawa inayofanya kazi utaitambua mara moja, kwa kuwa kikaratasi chake kimezungukwa na duara safi, kama mwezi uliojifungia uwanja. Dawa iliyoshindwa haina duara. Bakteria wameota mpaka ukingoni, wamekiegemea kikaratasi kama watu walioegemea ukuta wakipunga upepo.

Sahani za namna hiyo zimeongezeka. Mradi wa utafiti ulioitwa HATUA ulipowapima wagonjwa wenye dalili za UTI katika Kenya, Tanzania na Uganda, takriban nusu ya bakteria waliopatikana walikuwa wanazikaidi aina kadhaa za dawa kwa mpigo. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2007 uliwatazama watoto waliolazwa wakiwa na maambukizi kwenye damu. Miongoni mwa waliopatwa na bakteria wa kundi ambalo wataalamu huliita Gramu hasi, zaidi ya 43 katika kila 100 walifariki. Kwa malaria, waliofariki walikuwa kama 20 katika 100. Watafiti wakaona wazi kwamba mtoto aliyepewa dawa isiyowaweza bakteria wake alikuwa kwenye hatari kubwa zaidi. Na kwa dunia nzima, hesabu iliyotolewa mwaka 2022 ilionyesha kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na mzigo mzito kuliko wote uliziangukia nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara.

Sasa, msikilizaji, bakteria anafanyaje mpaka aishinde dawa? Ana njia zake. Wengine hutoa kimeng'enya kinachoikata dawa kabla haijawagusa. Wengine wana pampu kwenye utando wa seli, dawa ikiingia wanaitapika nje. Wengine hubadilisha kile kitasa ambacho dawa ilikuja na ufunguo wake. Na wengine hujikusanya pamoja, wakajifunika utelezi mzito ambao dawa haipenyi kwa urahisi.

Utelezi huo ninaujua. Mama yangu mkubwa, Mungu amrehemu, alikuwa na kisukari, na chini ya mguu wake palitoka kidonda kilichokaa miaka miwili. Watu wa nyumbani walikiita kidonda ndugu, kwa maana kimeshakuwa mtu wa ukoo, hakiondoki. Kila asubuhi muuguzi alifungua bandeji taratibu, na nyama iliyotakiwa kuwa nyekundu ilikuwa imefunikwa ngozi laini ya kijivu, inayoteleza, kama ule utando wa ndani ya dumu la maji ambalo halijasuguliwa. Muuguzi aliifuta, ikabaki nyekundu. Kesho yake imerudi. Mama mkubwa alimeza viuavijasumu vya kila rangi. Bakteria waliokuwa chini ya utelezi ule hawakusikia kitu.

Ni kwa ajili ya vidonda kama kile, na kibofu kama cha yule kijana, ndipo chembe nano zinapoingia.

Chukua mita moja uigawe vipande bilioni moja. Kipande kimoja ndicho nanomita. Unywele wako una unene wa nanomita 80,000 hivi. Bakteria anayesababisha UTI mara nyingi, Escherichia coli, ana urefu wa kama nanomita 2,000. Chembe nano kwa kawaida ni ile iliyo kati ya nanomita 1 na 100. Tufanye bakteria huyo amekua akawa daladala, zile Coaster za abiria. Chembe ya fedha yenye nanomita 10 ingekuwa na ukubwa wa ndimu. Sasa piga picha ya daladala iliyozingirwa na maelfu ya ndimu, kila moja inatafuta mwanya wa dirisha.

Nimetaja fedha. Nakusudia madini ya fedha, ile ya bangili na vikuku vya bibi zetu wa pwani. Kwa nini bangili haiui bakteria kwa nguvu kama chembe? Jibu analijua kila aliyekaa juu ya mbuzi akakuna nazi. Nazi uliyoikata vipande ukiiloweka majini haikupi tui la maana. Ikune ile ile, uikamue, tui linamiminika, kwa sababu kila chicha limepata uso wake wa kugusana na maji. Fedha nayo iko hivyo. Chukua kipande cha fedha chenye sentimita moja kila upande. Uso wake wote ni sentimita za mraba 6. Kikate vipande vya nanomita 10 kila upande, na nyuso zake ukizijumlisha zinafika mita za mraba 600. Hicho ni kiwanja kizima cha ishirini kwa thelathini, kimetoka kwenye kipande cha ukubwa wa dadu.

Na kwenye nyuso hizo ndiko kazi inakofanyika. Chembe hujibandika kwenye ngozi ya bakteria na kuitoboa. Humwaga ioni za fedha, ambazo huzinasa protini zake na kuzikwamisha. Huamsha ndani yake aina kali za oksijeni zinazounguza kila kilicho karibu, hata vinasaba. Kiuavijasumu cha kawaida mara nyingi hupiga mahali pamoja, na bakteria akipalinda mahali hapo amepona. Chembe ya fedha inampiga ukutani, jikoni na stoo kwa wakati mmoja. Ndiyo maana watafiti waliipokea kwa shangwe.

Fedha yenyewe si ngeni kwenye tiba. Miaka ya 1880, mjini Leipzig nchini Ujerumani, daktari Carl Credé alianza kuwadondoshea watoto wachanga tone la naitreti ya fedha machoni, kwa kuwa wengi walikuwa wakiambukizwa kisonono wakati wa kuzaliwa na kupofuka. Hospitalini kwake watoto wenye maambukizi hayo walishuka kutoka takriban 10 katika 100 hadi chini ya mmoja. Baadaye krimu ya fedha ikawa dawa ya vidonda vya moto, na tangu miaka ya 1990 zimekuwepo bandeji zilizofumwa na fedha ya kiwango cha nano. Niseme ukweli wote: bandeji hizo huua bakteria wa juu ya kidonda, lakini tafiti hazijakubaliana kwamba vidonda vya muda mrefu hupona haraka zaidi kwa sababu yake. Kidonda cha kisukari kinataka sukari ishuke, mguu upumzike na damu ifike. Chembe haziwezi kuyafanya hayo.

Kuna kazi ya pili ya chembe nano, na hii ndiyo iliyofika mbali zaidi hospitalini. Ni kazi ya upagazi. Hapa chembe haiui, inabeba. Wataalamu huunda kifuko kidogo mno cha mafuta, kinachofanana na ngozi ya seli zetu, wakatia dawa ndani. Kifuko hicho kinaitwa liposomu. Kinapita njia ambazo dawa peke yake ingepotea, na kinaupunguzia mwili sumu ya dawa kali.

Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya zamani, amikasini, ikiwa imefungwa ndani ya liposomu, ya kuvutwa kwa pumzi hadi mapafuni. Ni kwa wagonjwa wenye bakteria wa jamii ya wale wa kifua kikuu, waliokwisha kukaidi matibabu ya kawaida. Katika jaribio lililotangulia, wagonjwa 29 katika kila 100 waliopata dawa hiyo pamoja na dawa zao za kawaida walisafika makohozi ndani ya miezi sita, wakati kwa waliotumia dawa za kawaida pekee walisafika 9. Wengi walipata madhara pia, wakapwelewa sauti. Mimi ninayekula kwa sauti yangu nalielewa vizuri gharama ya tiba hiyo. Lakini kwa mtu aliyekuwa ameambiwa hakuna dawa iliyobaki, 29 katika 100 ni mlango.

Na hapa kwetu Afrika upagazi huo umeshafika. Amfoterisini, dawa ya fangasi wa homa ya uti wa mgongo wanaowaua watu wenye virusi vya UKIMWI, inajulikana kwa kuumiza figo. Jaribio lililofanyika Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini, matokeo yake yakatolewa mwaka 2022, liliwapa wagonjwa dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyobebwa na liposomu, pamoja na vidonge. Ikafanya kazi sawasawa na dripu za wiki nzima, na madhara yakapungua. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaipitisha iwe tiba ya kwanza. Najua fangasi si bakteria. Nimelitaja ili usidhani tunazungumzia mambo ya mbinguni. Kuna mtu Kampala au Mbarara anayetembea leo kwa sababu ya chembe nano.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Palacký, mjini Olomouc katika Jamhuri ya Czech, walichapisha habari iliyowashtua wengi. Waliwachukua bakteria wa aina ya Escherichia coli na wenzao, wakawapa chembe za fedha kidogo kidogo, tena na tena. Kumbuka vidonge sita kwenye bahasha ya kaki. Baada ya kurudiarudia, bakteria wakawa sugu. Na namna walivyojitetea inashangaza. Bakteria hawa wana mkia wa kuogelea, umejengwa kwa protini iitwayo flajelini. Wakaanza kuimwaga protini ile, na ikawa gundi. Chembe za fedha zikanatana, zikawa mabonge. Wewe umekuna nazi, wao wanairudisha kuwa nazi nzima. Kile kiwanja cha ishirini kwa thelathini kikakunjwa kikawa kipande cha dadu, na nguvu yake ikaisha. Watafiti walijaribu kuzipaka chembe zao vitu vya kuzizuia zisigandane. Haikusaidia.

Kilichosaidia ni maji yaliyotolewa kwenye ganda la komamanga. Yaliwazuia bakteria kutengeneza flajelini, na fedha ikapata nguvu zake tena.

Niliposoma hayo nilimkumbuka bibi, aliyekuwa akikausha maganda ya komamanga kwenye ungo juu ya paa, ya kuchemshia mtu anayeendesha. Lakini tafadhali usiende kuchemsha ganda ukatibu UTI kwa ajili ya maneno yangu. Kazi ile ilifanyika kwenye vyombo vya maabara, si kwenye tumbo la mtu. Somo ninalolichukua ni jingine. Tuliambiwa silaha hii inapiga kila upande, bakteria hana pa kukimbilia. Akapata pa kukimbilia. Na aliyemwonyesha njia ni dozi ndogo isiyomaliza kazi, ile ile aliyoisema Fleming mwaka 1945, ile ile niliyoiona dirishani majuzi.

Ndiyo maana naogopa ninapoona fedha ya nano ikitiwa kwenye soksi, kwenye vyombo vya plastiki, hata kwenye vitambaa vya jikoni, ili kuzuia harufu. Inafuliwa, inaingia kwenye mtaro, inawafikia bakteria wa udongo na maji kwa dozi ndogo kabisa, kila siku. Huko ni kusugua. Na ninaogopa zaidi wale wanaouza mitandaoni chupa za maji ya fedha, wakidai yanatibu kila ugonjwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitamka tangu mwaka 1999 kwamba bidhaa hizo hazitambuliwi kuwa salama wala zenye kutibu. Anayezinywa kwa muda mrefu anaweza kugeuka ngozi ikawa ya kijivu na samawati, na rangi hiyo haitoki.

Katika lugha yetu, fedha ya bangili na fedha ya mfukoni ni neno moja. Dawa hizi zikija zitataka fedha, na maabara ya kuotesha vimelea nayo inataka fedha. Nikiulizwa tuanze na ipi, nitajibu maabara. Muuguzi akijua leo kwamba bakteria wa mgonjwa wake anakufa kwa dawa ya bei nafuu iliyo kabatini, ameokoa mtu, na ameiacha silaha mpya ipumzike kwa ajili ya mwingine.

Kupumzika, msikilizaji, ndilo neno langu la mwisho. Wazee wenzangu mnaikumbuka klorokwini, uchungu wake, na ule muwasho wa usiku kucha. Malaria iliizoea mpaka tukaiacha. Jirani zetu wa Malawi waliiacha mwaka 1993. Miaka ilipita, na watafiti wakaijaribu upya mjini Blantyre. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba katika watoto 80 waliotibiwa kwa klorokwini, ilishindwa kwa mmoja tu. Ilikuwa imeachwa zaidi ya miaka kumi, na vimelea walikuwa wameusahau ukaidi wao. Bakteria si wepesi hivyo wa kusahau, kwa kuwa hupeana vinasaba vya usugu wao kwa wao kama majirani wanaoazimana ungo. Lakini njia ni hiyo. Usimeze kiuavijasumu kwa mafua. Usimwachie jirani nusu ya dozi yako. Ukiambiwa una UTI, uliza, "Kuna kipimo cha kuotesha?" Nawa mikono kabla hujamshika mtoto mchanga.

Kitazame tena kiganja chako. Mkulima akiliweka jembe chini msimu mzima, ile ngozi ngumu huanza kubanduka kidogo kidogo, na chini yake hutoka ngozi laini inayohisi. Watafiti watatuletea majembe mapya, na ninawaombea heri. Kujua lini tulime na lini tuache kumo mikononi mwetu.